Betri ya Kalisti

Kalisti ameshuka mlimani na taa ya kichwani
iliyofungwa plasta mara tatu.
"Dada, ichaji. Alfajiri napanda tena."
Kalala na buti.

Nafungua kasha, naipapasa betri tumbo.
Ingekuwa imevimba kama andazi
ningeitoa nje, kwenye ndoo ya mchanga,
ikamalizie hasira zake huko.
Hii ni bapa. Hii tutaelewana.

Naiweka juu ya kigae
kilichobaki tulipojenga choo,
mbali na pazia, mbali na godoro la mwenyewe.
Chaja ni ile inayosimama yenyewe
ikifika volti nne nukta mbili,
siyo ile ya Mbuyuni, ya bei ya chapati mbili,
isiyojua neno basi.

Nusu ampea. Polepole.
Haraka ndiyo iliyounguza kibanda cha Ndesario
pale Kiboriloni, mchana kweupe;
nilibeba mchanga kwa kanga,
nikafika kumwaga juu ya majivu.

Taa nyekundu.
Maziwa motoni hayaachwi peke yake.
Namenya ndizi za kesho, nagusa: vuguvugu, si moto.
Umeme unakatika,
unarudi.
Ndizi zimekwisha, nakaa tu.

Saa sita na robo, kijani.
Nachomoa. Plasta ya nne.

Nikimwamsha nitamwambia:
huko juu ikiganda usiichaji,
ilaze kwapani kwanza, ipate joto la mtu.
Atajibu "sawa, dada"
huku akitafuta soksi.