Mwendo wa Maji

Baiskeli ya baba ilikuwa Swala, nyeusi,
keria yake imeongezewa nondo na fundi wa Ipogoro,
na sikumbuki hata siku moja
kuiona tupu.

Yangu haina keria.
Tairi zake pana, zina meno kama gunzi.
Niliinunua mtumbani, Mlandege.
Muuzaji akauliza: mzigo utafungia wapi?
Nikamwambia sina mzigo.
Akanitazama kama mtu
aliyenunua sufuria isiyo na kitako.

Basi Jumamosi, mwezi wa tano,
napandisha kuelekea Kilolo,
moramu inasagika chini yangu
kama mtu anayetafuna bisi gizani.
Huku mianzi, kule mianzi,
imekatwa ncha, imevishwa mbeta,
tone,
kisha kimya,
kisha tone,
nyuki wawili wanagombea mdomo wa chombo.
Ulanzi wa mwisho huu. Baridi ikianza kung'ata masikio
mwanzi hufumba mkono.

Kamwene, ananiita mgema kutoka kichakani.
Kamwene.
Unapeleka nini?
Sipeleki kitu.
Unafuata nini?
Sifuati kitu.
Kisu chake kikarudi kwenye mwanzi,
nami nikarudi kwenye gia ndogo,
mlima umesimama mbele yangu kama deni.

Pale njia ya magari inapokata kushoto
nikashika ukingo wa mfereji,
kijia chembamba, cha unyayo mmoja:
ukiyumba kulia umo mferejini,
ukiyumba kushoto unalala na maharage ya watu.
Mfereji wenyewe mkavu.
Tope limepasuka vigae vigae,
na chura mmoja amekaa katikati
kama karani anayesubiri mshahara.

Wewe! Mwenye baiskeli isiyobeba!
Alikuwa Twilumba Kikoti, jembe begani,
nyanya zake zimeinamisha shingo nyuma yake.
Zamu yangu tangu saa nne, akasema.
Lwila kule juu hajafungua, na simu yake haipatikani.
Kamwambie.
Mwambie nyanya zinanitazama.

Sikuuliza ni umbali gani.
Nilimkuta Lwila anashona kiatu mlangoni.
Leo si Ijumaa? akaniuliza,
kisha akahesabu kwa vidole, akanyamaza,
akaamka na kiatu kimoja.
Ubao wa lango ulikuwa umevimba,
tukauvuta wawili, tukitukana kwa adabu.

Nilidhani maji yangeruka.
Hayakuruka.
Yalitoa ulimi wa kahawia, mfupi,
yakalamba ufa wa kwanza mpaka uliposhiba,
ndipo yakaendelea kwa wa pili,
yamebeba mbele yao povu, makapi, ganda la muwa.

Nikashuka nayo.
Nikikanyaga mara moja, nimeyapita.
Nikikaa kuyasubiri, yananipita
bila kunisalimu.
Mwisho nikateremka, nikashika usukani,
nikatembea kando ya baiskeli,
na hapo, mkono mmoja juu ya tandiko,
nikauona mkono wa baba.

Miaka yote nilisema baba alikuwa mwendesha baiskeli.
Hapana. Kutoka kwetu mpaka sokoni
waliopanda ni magunia mawili ya mahindi.
Baba alitembea.

Twilumba alikuwa ameshabomoa tuta kabla hatujafika,
mimi na maji. Chura hayupo.
Hakunishukuru. Alisema: mmechelewa,
kwa wingi, kama tuko wawili kweli,
akaingia bandani, akatoka na mbeta iliyojaa,
akaifunga kwenye usukani kwa kamba ya katani,
fundo, fundo tena.
Unywe njiani, ingali tamu.
Ukiikawiza mpaka Ipogoro
itakuwa imeshajifunza mambo mengine.

Nikateremka moramu ile ile,
breki zikilia, goti la kulia limelowa,
ulanzi ukichacha jiwe kwa jiwe,
na nyuki, sijui ni wale wale wawili,
wakanisindikiza mpaka lami.