Namba Ubavuni

Namba ilikuwa chini ya rangi tatu:
herufi mbili, kisha tarakimu kutu imezila nusu.
Nikasugua kwa kitambaa na mafuta ya taa,
Orest Hnatiuk kasimama, mikono mifukoni.

"Baba aliinunua mnadani, vita vilipokwisha,
kwa bei ya ng'ombe wawili na ndama.
Hakutaka ndege. Alitaka mafuta yaliyosalia tangini."

Mafuta yakalima ngano ya Saskatchewan misimu miwili.
Gurudumu la mkia likaenda kwenye toroli.
Ndani ya kuba la kioo la mpiga bunduki
mama yake akaotesha nyanya,
zikaiva Juni, jirani wangali wanapanda.
Kuku wakajichagulia tumbo,
pale palipokuwa pakining'inia mabomu.

Daftari la kikosi nimelisoma Ottawa.
Safari ishirini na tisa, zote za usiku.
Essen. Stuttgart. Essen tena.
Mara moja ilirudi kwa injini mbili
na kijana wa miaka kumi na tisa, asiyeamka.
Jina lake limeandikwa kwa penseli.
Wa kule chini hawakuandikwa kabisa.

Nikamwambia Orest: makumbusho wanataka pua tu.
Mabawa yatayeyushwa. Masufuria, labda.

Hakujibu.
Akainama, akapenyeza mkono gizani hadi begani,
akapapasa, akatoa yai,
akanikabidhi.
Lilikuwa na joto bado.
Nikabaki nalo kiganjani, na kitambaa cheusi mkono wa pili,
sijui niliweke wapi.