Chaneli ya Nne

Duluth, Februari, ziwa limeganda hadi kwenye gati,
nami nimeinamia mikseri yenye vitufe vilivyowahi kumwagikiwa bia.
Chaneli ya tatu: Gordon Maki. Ya nne: Lorna Saarinen.
Karatasi ya bendi inasema, kwa mwandiko wa Gordon:
"Lorna, besi. Pia anaitikia."

Kuitikia nakujua. Nimekupima miaka kumi na tisa.
Mwitikiaji huja neno likishatoka,
hulitandikia mto lisiumie likianguka;
"u-u-u" yake haina nomino wala kitenzi,
na nikimshusha, wimbo hupungua unene
kama mtu aliyevua koti: anatetemeka, lakini ni yule yule.

Jioni ile tulikuwa tunajaribu vyombo, ukumbi mtupu,
mhudumu anapanga glasi.
Kuna mvumo uliokuwa ukinguruma mahali, nikauwinda,
nikaishusha chaneli ya nne katikati ya wimbo wa tatu,
ule wa mke na mume wanaogawana vitu vya nyumba.
Gordon akauliza, "Sufuria anachukua nani?"
Kimya. Ngoma za Duane zikaenda mbele bila aibu.
"Na mbwa?"
Kimya.
Mwanamume peke yake jikoni, anahojiana na kabati.

Hapo hapakupungua unene. Palitoka mtu.

Nikaipandisha. "Mbwa ni wangu," akajibu Lorna,
kwa sauti yake ya chini yenye changarawe,
na Gordon ndiye aliyegeuka "u-u-u" nyuma yake,
beti mbili nzima,
wala hakujua kwamba amehama cheo.

Watu husema mafahali wawili, zizi moja.
Sijui, sijafuga.
Ninachojua, kupokezana si kusaidiwa:
kijiti kikiwa mkononi mwako mbio ni zako,
hata zikiwa za hatua ishirini.

Walipokwenda kula nilibandua utepe mweupe sakafuni,
alama ya Lorna, pale ubavuni mwa ngoma,
nikaubandika sambamba na wa Gordon.
Hatua mbili na nusu. Waya ulifika kwa shida.
Karatasini nikakata neno moja, la kuweka mahali pake sikulipata.

Gordon akarudi, midomo ina mafuta ya chipsi.
Akaitazama sakafu. Akanitazama.
Akasukuma pedali zake kushoto kwa ncha ya kiatu,
akasema, "Huo waya mfupi. Mtafutie mwingine."