Gome la Mwaka wa Tisa

Shinani pamepakwa tarakimu nyeupe: nne.
Maana yake mwaloni huu ulivuliwa gome mwaka wa nne,
usiguswe tena mpaka itimie miaka tisa.
Imetimia leo.
Mti una haki hiyo kwa sheria.
Ekstremadura haina.

Msomi alifika jana kutoka Madridi,
daftari jipya, viatu bila vumbi,
akauliza kwa nini huku hakukui kitu.
Ni utamaduni? Uvivu kidogo, labda, wa joto?
Casto, aliyekuwa juu ya ngazi na shoka tangu saa kumi na moja alfajiri,
alicheka mpaka akakohoa.

Obdulia hakucheka. Yeye ndiye wa mizani.
Kilo hii, alisema, hutoka hapa kwa bei ya maharage.
Huko mbali hukatwa, hupigwa msasa, hutiwa chapa,
hurudi imeziba chupa kwenye harusi ya mpwa wangu
nami nikailipia mara nane.
Bwawa lile? Umeme wake hupita juu ya paa letu
ukinguruma, kama mgeni asiyetaka kuketi,
unakwenda kaskazini.
Kaskazini kulikuwa na chuma karibu na bandari,
chuma kikaita reli, reli ikaita benki,
benki ikamwita kaka yangu Fermini.

Nasi si malaika, andika na hilo.
Mwaka ule wa kiwanda chetu wenyewe cha vizibo
koo mbili ziligombania uenyekiti
hadi mashine zikaota kutu ndani ya masanduku.
Na mwenye shamba? Yuko Madridi.
Pengine mnanunua mkate duka moja.

Penye miti hapana wajenzi, husemwa.
Uongo. Wajenzi walikuwapo.
Walipanda basi la saa moja asubuhi, mmoja mmoja,
na soseji za mama zimefungwa kwa gazeti.

Fermini hupiga simu Jumapili, kutoka Bilbao.
Sakafu ya nyumba yake mpya ni ya magome, anasema,
haina baridi, haina kishindo,
humsikii jirani hata akilia.
Magome ya mwaka gani? anauliza Obdulia.
Hajui.

Casto anashuka. Shina limebaki jekundu,
bichi kama goti la mtoto lililochubuka.
Obdulia anachovya brashi
na kuandika: tatu.