Msimu wa Chuchunge

Juzi wameingia. Pale Kuze kwa Athman
wamelala safusafu juu ya gunia bichi,
wembamba kama misumari ya inchi sita,
taya la chini limewatangulia,
nchani jekundu, utadhani limechovywa wino wa karani.

Nimetwaa mafungu mawili kwa deni.
Chumvi, manjano, ndimu.
Mafuta yamenguruma hadi kwa jirani.

Siku ya kumi na tatu leo
mimi na Mselem hatusemezani.
Sababu ni friji, au ni dadake,
hata sikumbuki vizuri.
Na mamake kaja na feri kutoka Mtongwe,
mwanamke anayenusa ugomvi
kabla hajavua viatu.

Lakini chuchunge hawaliwi kwa gumzo.
Ukicheka tu, mwiba umekupata.
Basi tumeinama watatu, sinia moja,
vidole vikisoma, ulimi ukipekua,
na kununa kwetu kukapita kwa adabu.
"Nyumba hii ina utulivu," asema mkwe,
akivuta wa nne kwa mkia.

Ndipo ukanikwama.
Mdogo, wa kijani, hapa.
Machozi yakanilenga. Sikusema. Sikuomba.
Mselem hakuinua uso.
Alifinyanga tonge la wali mkavu
akanitia mkononi, chini ya ukingo wa sinia.

"Meza."

Nikameza.

Kesho, wakiwapo bado,
nitachukua fungu jingine, nimuulize
ile friji tuitengeneze
au tuiuze.