Maagizo kwa Raimo

Ndugu yangu, funguo ziko chini ya ndoo.
Inkeri huamka kabla ya redio; usimrudishe kitandani,
mpe kijiko, akoroge uji wa shayiri,
umwagike, mpanguse pamoja.
Taavi atakuambia ameshapiga mswaki.
Nusa.

Nje ni giza hadi saa nne,
na baridi ya Oulu haina adabu:
soksi za sufu, suruali mbili, viatu,
glavu mwisho. Na kabla ya glavu uliza, "Choo?"
Uliza tena.
Mimi nilijifunza zipu ikiwa imeshafika kidevuni.

Kibandiko king'aacho kwenye koti kimelegea, kishone.
Dereva haoni mtoto, huona mwanga.

Wakikosea, wakanye papo hapo, kwa sauti ya chini;
makosa si viazi, usiyaweke ghalani.
Kucha wakate wakiwa wamelala.
Homa ikipanda, namba ya daktari iko kwenye friji,
usinipigie mimi kwanza.
Jumatano ni zamu ya Taavi kuosha vikombe.
Atavunja kimoja. Vipo.

Wanasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo,
hawasemi mleaji atalala lini.

Usiku Inkeri atauliza mama yuko wapi.
Hapo sina la kukuagiza.
Mwaka wa pili huu, nami bado nababaika.
Humfunika miguu, nikaacha taa ya koridoni,
nikaketi sakafuni hadi pumzi zake zitulie.

Chukua mto. Sakafu ile ni ngumu.