Kitako cha Meka

Wiki sita Kasumbalesa ilifungwa.
Malori ya unga yalilala upande wa Zambia,
madereva wakifua mashati kwenye ndoo,
nami chumbani Katuba, umeme ulipokubali,
niliilisha modeli yangu tarakimu:
bei ya mahindi Chicago,
kwacha kwa dola, dola kwa faranga,
mvua ya Choma, dizeli,
na kila Jumamosi, meka moja ya unga soko la Kenya.

Modeli ikasema: bei itapanda kwa theluthi.
Daftari likasema: elfu tano, ileile.
Wiki ya pili, ileile.
Ya nne, ileile.
Nikapunguza unyumbufu,
nikaichelewesha mvua miezi miwili,
nikaitoa Chicago, nikairudisha,
mstari wangu ukapaa peke yake
kama tiara iliyokatika uzi.
Profesa Kapend alicheka kwa pua:
"Soko lako limeokoka, Mwansa?"

Jumamosi ya saba nilikwenda bila daftari,
kununua unga wa kula.
Mama Chola akachota, akasawazisha kwa kijiti,
akamimina. Mfuko ukawa mwepesi mkononi.
Nikaomba kopo.
Akanipa akitazama makaa ya jirani.

Kitako kilikuwa kimebonyea ndani
kama shavu la mtu anayenyonya muwa.
"Kwa jiwe," akasema. "Nyundo hutoboa.
Nikipandisha bei wananipita, wanakwenda kwa Mama Ngosa."
Na kopo la Mama Ngosa?
"Unadhani nani alinifundisha?"

Nikanunua maji ya mifuko, ile ya nusu lita.
Meka nzima hunywa sita.
Nikamimina, watoto wakihesabu kwa sauti,
moja, mbili, tatu, nne,
na wa tano ulipofika nusu
maji yakanimwagikia viatuni.

Robo haipo. Elfu tano ileile kwa robo tatu.
Nikapiga hesabu kwenye kiganja kilicholowa:
theluthi. Kamili.
Nilingoja nifurahi.
Nyuma yangu mwanamke mwenye mtoto mgongoni
alikuwa ameshanyoosha noti yake,
anataka kupimiwa.

"Na mpaka ukifunguliwa?" niliuliza.
Mama Chola akafuta kopo kwa kitenge,
akaligonga kitako kwa ukucha.
"Bati likishabonyea, mwalimu,
nani analinyoosha?"

Mpaka umefunguliwa Jumanne.
Leo Jumamosi. Daftari ninalo,
na mifuko sita ya maji.